Watoto wa Madrasa na Makao ya Wazee: Kutoka Ziara Hadi Usuhuba



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu wanafunzi, kila ikifika Ramadhani jumuiya nyingi za wanafunzi wa Kiislamu hapa Uganda hufunga safari ya kwenda makao ya wazee. Basi linakodiwa, sukari, mchele, sabuni na nepi za watu wazima zinapakiwa, na wazee wanaketishwa kwenye viti vya plastiki chini ya mwembe. Amiri anazungumza, ndugu mmoja anasoma Qur'ani, dua inaombwa, picha zinapigwa, na kabla ya Alasiri basi limeshaondoka. Hilo nalo lina thawabu zake, Inshaallah. Wasimamizi wa makao hayo watakwambia kwamba sabuni huisha kabla mwezi haujaisha, na anayeileta anakaribishwa.

Darasa hili linahusu jambo jingine: watoto wa shule na wa madrasa kufanya urafiki na wazee wanaoishi katika makao hayo. Nikisema urafiki nakusudia mtoto ajue jina la mzee, mzee ajue jina la mtoto, na wiki mtoto asipokuja mzee aulize yuko wapi. Nimekuwa nikilifuatilia jambo hili kwa muda, kitabuni na kwa miguu, na naona lina mizizi katika Sunna kuliko ile safari yetu ya mara moja kwa mwaka. Naona pia kwamba watoto wanaliweza kuliko sisi tulioko chuoni.

Ummu Ayman na mtoto aliyefuatana na Mtume

Tuanze na Ummu Ayman (R.A.). Jina lake ni Baraka, mwanamke wa Kihabeshi aliyemlea Mtume (S.A.W.) tangu utotoni. Mtume alipokuwa mkubwa na kupewa utume, Ummu Ayman alikuwa amekwisha kuwa mama mtu mzima, na Mtume hakuacha kumwendea nyumbani kwake.

Katika Sahihi Muslim, Anas bin Malik (R.A.) anasimulia kwamba siku moja Mtume alikwenda kwa Ummu Ayman naye akafuatana naye. Mama yule akamletea Mtume chombo chenye kinywaji. Mtume hakunywa. Anas anasema hajui kama alikuwa amefunga au hakukitaka tu. Basi Ummu Ayman akaanza kumpigia kelele na kumkemea, kama mama anavyomkemea mwanawe aliyekataa chakula chake.

Naomba tusiipite haraka hadithi hii. Anas alianza kumtumikia Mtume akiwa na umri wa karibu miaka 10. Kwa hiyo katika ile nyumba palikuwa na watu watatu: Mtume wa Mwenyezi Mungu, mama mzee, na kijana mdogo aliyekaa pembeni akitazama. Aliyekuwa akitoa ni yule mzee. Alikuwa mwenye nyumba, alikuwa na kitu cha kumpa mgeni wake, na alikuwa na haki ya kukasirika kikikataliwa. Kisha tazama ni nani aliyetufikishia habari hii. Ni yule mdogo. Aliyaona hayo, akayahifadhi, na alipokuwa mzee mwenyewe akawasimulia watu.

Baada ya Mtume kufariki, Abu Bakr alimwambia Umar (R.A.) waende kumzuru Ummu Ayman kama Mtume alivyokuwa akimzuru. Wenzangu tuliosoma nahau pamoja watakumbuka: kaana ikifuatwa na kitendo cha mudhaari huleta maana ya jambo linalokaririka. Yaani ilikuwa desturi yake. Walipofika, mama akalia. Wakadhani analia kwa kumkosa Mtume, wakamkumbusha kwamba yaliyoko kwa Mola wake ni bora kwake. Akawajibu kwamba hilo analijua. Kinachomliza ni kwamba wahyi umekatika kutoka mbinguni. Wakaanza kulia pamoja naye. Walikwenda kumliwaza, wakatoka wamefundishwa.

Mdogo na mkubwa katika hadithi moja

Sote tunaijua ile hadithi iliyopokewa na Tirmidhi na wengineo, ya kwamba si katika sisi asiyemhurumia mdogo wetu na kumheshimu mkubwa wetu. Mara nyingi tunaikata vipande viwili: nusu ya kwanza tunaisoma kwenye semina za malezi, nusu ya pili tunaisoma kwenye mazishi. Mtume amewaweka mdogo na mkubwa ndani ya sentensi moja. Sisi tumewatenganisha kwa kuta. Mtoto wa Kampala au Mbale anatoka nyumbani alfajiri kwenda shule ya bweni au ya kutwa, anarudi na kazi za nyumbani, na bibi yake yuko kijijini umbali wa saa tano. Anaweza kufika darasa la saba bila kukaa na mtu wa miaka 80 kwa muda wa nusu saa mfululizo.

Tukimpeleka kwa mzee, tunamwambia anyamaze, aketi vizuri, asiulize maswali. Tunaiita hiyo adabu. Lakini tazama kisa cha Abdullah bin Umar (R.A.) katika Bukhari. Mtume aliwauliza maswahaba kuhusu mti unaofanana na Muislamu, na Ibn Umar, aliyekuwa mdogo kuliko wote pale, akajua moyoni kwamba ni mtende. Akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Alipomweleza baba yake, Umar alimwambia kwamba angependa zaidi lau angesema. Naye ni Umar, mtu ambaye hakuna atakayesema alikuwa mlegevu katika adabu! Mtoto anayemuuliza mzee kwa nini mikono yake inatetemeka hajamvunjia heshima. Amemuona.

Mas-ala ya makao yenyewe

Hapa kuna ndugu atanyanyua mkono. Atasema: makao ya wazee ni mambo ya Wazungu, sisi tumeamrishwa kukaa na wazee wetu. Atatoa dalili ya Suratul Israa, aya ya 23 na 24, ambapo Mwenyezi Mungu ameamrisha wema kwa wazazi wawili, na alipotaja uzee wao akatumia neno indaka, yaani kwako, chini ya ulinzi wako. Dalili hiyo ni sahihi na sina la kuipinga. Mtoto mwenye uwezo anayempeleka mama yake kwenye makao ili apumue, huyo ana swali la kujibu.

Lakini twende kwenye fiqhi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, nafaka ya jamaa inawajibika kwa asili na matawi: wazazi na waliowazaa, watoto na waliozaliwa nao. Wahanafi wakapanua hadi kila ndugu wa damu ambaye ni maharimu. Sasa mchukue mzee asiye na mtoto, ambaye wazazi wake walishakufa zamani. Kwa Shafi hakuna jamaa hata mmoja ambaye sheria inamlazimisha kumlisha. Mzigo wake unahamia Baitul Mal, na isipokuwepo, unawaangukia Waislamu wenye uwezo. Kwa maneno mengine unatuangukia sisi. Aya ya Israa haituondolei mzee huyu. Yeye hana mtu wa kuambiwa indaka.

Na wazee wa namna hiyo ndio wengi wa wanaoishi katika makao ya upande wetu huu wa dunia. Hata Zanzibar, ambako karibu watu wote ni Waislamu, serikali ina makao ya wazee Sebleni na Welezo. Miongoni mwa waliopata kuishi humo ni watu waliotoka bara wakiwa vijana kufanya kazi mashambani, wakazeeka mbali na kwao bila jamaa. Wenzetu wanaotoka Visiwani wanayajua haya vizuri kuliko mimi. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee aliyefika miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na ni jambo la kupongezwa.

Kisa cha Sayyidna Umar kinaingia hapa. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, amekitaja katika Kitabul Kharaj. Umar alimkuta mzee kipofu akiomba mlangoni mwa watu. Alipouliza akaambiwa ni Myahudi, na kilichomfikisha pale ni jizya, shida na umri. Umar akamshika mkono akampeleka nyumbani kwake, akampa alichokuwa nacho, kisha akamwita mtunza hazina na kumwamuru amwangalie yeye na wa mfano wake, kwani si uadilifu kula ujana wa mtu kisha kumtupa akizeeka. Akamwondolea jizya. Ukikisoma kisa hiki huku ukimfikiria mzee aliyechuma karafuu miaka 40, hutakimaliza kwa wepesi.

Wapi tunawapata, na nani anawatunza

Hapa Uganda makao yanayojulikana zaidi ni ya Nalukolongo, Kampala, yanayoitwa Mapeera Bakateyamba. Yalianzishwa na Kadinali Emmanuel Nsubuga mwaka 1978, na yanaendeshwa na masista wa shirika la Msamaria Mwema. (Mapeera ndilo jina ambalo Waganda walimpa Padri Lourdel, mmisionari Mfaransa.) Papa Francis aliyatembelea Novemba 2015. Makao ya namna hii huwapokea watu bila kuuliza dini. Maana yake ni kwamba Muislamu asiye na mtu, katika mji wenye misikiti kila mtaa, anaweza kulishwa na kuoshwa na sista. Namwombea heri sista huyo. Swali ni sisi tuko wapi.

Basi mzazi wa Kiislamu akiulizwa ruhusa ya mtoto wake kwenda huko, jambo la kwanza analoliwazia ni msalaba ukutani. Nimeulizwa hivyo. Jibu langu ni aya ya 8 ya Suratul Mumtahina, ambapo Mwenyezi Mungu hakutukataza kuwatendea wema na uadilifu wasiotupiga vita katika dini. Kisha huongeza mfano wa historia. Mwaka 1896, huko Istanbul, Sultani Abdulhamid wa Pili alifungua Darülaceze, makao ya watu wasiojiweza. Ndani ya eneo lake palijengwa msikiti, kanisa na sinagogi ili kila mkaaji aabudu kwa dini yake, na tangu mwanzo yalipokea watoto yatima pamoja na wazee. Bado yapo mpaka leo. Aliyeyajenga alikuwa khalifa wa Waislamu.

Wengine wamekwenda mbele zaidi katika kuwakutanisha watoto na wazee. Kotoen, katika wilaya ya Edogawa mjini Tokyo, tangu mwaka 1976 imekuwa na shule ya chekechea na makao ya wazee mahali pamoja. Mjini Jenks, jimbo la Oklahoma nchini Marekani, shule ya umma iliweka madarasa ya watoto wadogo ndani ya makao yanayoitwa Grace Living Center. Watoto walikuwa wakipita kwenye korido za wazee kila siku, na mtoto aliyekuwa akijifunza kusoma alikuwa na mzee wake wa kumsomea. Nimeivutiwa zaidi na hii ya Jenks, kwa sababu imejengwa juu ya kazi. Mtoto ana kitabu cha kusoma, na mwalimu mwenye watoto 30 hana muda wa kumsikiliza kila mmoja. Mzee ana muda. Wakikutana, kila mmoja ana haja na mwenzake. Urafiki unaanzia kwenye haja, na salamu peke yake haiubebi mbali.

Tulivyofanya sisi

Mimi husaidia kufundisha madrasa ya msikiti mmoja wa mtaani siku za mwisho wa wiki. Karibu nasi kuna makao ya wazee ya kanisa, ambayo sitayataja jina kwa sababu wazee hawakuniomba niwaandike. Kwa idhini ya msimamizi na ya wazazi, watoto 8 wa umri wa miaka 8 hadi 12 huenda huko kila Jumamosi ya pili, baada ya Adhuhuri, kwa saa moja. Mtoto yule yule kwa mzee yule yule. Hilo ndilo sharti tulilolishikilia kuliko yote.

Wazee Waislamu pale ni wawili, bwana mmoja na bibi mmoja. Wengine ni Wakristo. Watoto huwaita wote Jajja, kama tunavyowaita babu na bibi huku.

Yule bwana alifanya kazi katika Reli ya Afrika Mashariki. Alikuwa stesheni ya Tororo, ambako njia ya Soroti na Pakwach huachana na njia ya Kampala, na kazi yake ilikuwa kuzigeuza reli ili treni ishike njia yake. Kiswahili chake ni cha relini, kizuri kuliko changu. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, maisha yake nayo yakavunjika kidogo kidogo: kazi, ndoa, nyumba. Hana mtoto. Macho yake yameingia mtoto wa jicho.

Aliyepangwa naye ni binti wa miaka 9. Siku ya kwanza alikaa ukingoni mwa benchi, akiyaogopa yale macho meupe. Tukampa kazi: amsomee Jajja sura alizohifadhi kuanzia Suratun Naas kupanda juu, naye Jajja amsikilize. Kumbe mzee anazijua! Alimsahihisha madda mbili ambazo mimi mwalimu wake nilikuwa nimechoka kuzisahihisha. Walipofika Al-Qaari'a mzee akanyamaza, akasema mwalimu wake aliishia hapo, mwaka huo ndio alioanza kazi. Binti akamwambia: "Basi Jajja, Al-Aadiyaat nitakufundisha mimi."

Iliwachukua majuma mengi. Mzee wa miaka 80 hahifadhi kama mtoto. Binti alikuwa akirudi nyumbani na kufanya mazoezi zaidi, kwa sababu mwalimu hawezi kukosea mbele ya mwanafunzi wake. Nilipomweleza mzee maana ya zile aya za farasi wanaokimbia wakihema na kutoa cheche kwa kwato zao, alicheka kwa sauti. Akasema cheche anazijua, treni ya mizigo ikifunga breki usiku unaziona toka mbali, na akawasimulia watoto wote habari ya usiku ule. Siku hizi wanamtaka awatajie stesheni kwa mpangilio kutoka Kasese hadi Mombasa, nao wanazikariri kama tajwidi.

Serikali yetu ilikuwa ikiwapa wazee waliofika miaka 80 shilingi 25,000 kwa mwezi. Alipopata zake, alimtuma mfanyakazi akawanunulia watoto karanga. Mmoja wa wenzangu walimu akataka kumrudishia fedha, akiona si haki kula kwa maskini. Nikamkumbusha kile chombo cha Ummu Ayman. Watoto wakala karanga, na Jajja akakaa kitako kama mwenye nyumba.

Ya kuzingatia kwa wanaotaka kuanza

Usianze kama huna hakika ya mwaka mzima. Mzee aliyekwisha kuachwa na watu mara moja hahitaji kuachwa tena na mtoto aliyemzoea. Likizo za chuo ndizo zinazoua mipango yetu, kwa hiyo wahusishe wazazi na walimu wa mtaa wanaobaki wakati sisi tumekwenda makwetu.

Usalama wa mtoto ni amana. Mtoto hakai peke yake na mtu mzima yeyote chumbani, awe mkaaji au mfanyakazi. Wanakaa barazani mahali pa wazi, walimu wakiwaona. Mtoto mwenye mafua au kikohozi anabaki nyumbani, kwani homa ndogo ya mtoto inaweza kumlaza mzee. Picha hatupigi.

Kuhusu da'wa, niseme wazi ingawa najua wapo watakaonipinga. Hatuendi kumsilimisha mtu asiyeweza kuinuka kitandani akatuondokea. Mzee Mkristo akimuuliza mtoto kuhusu swala, mtoto ajibu anachokijua. Zaidi ya hapo ni kuutumia unyonge wa mtu, na masista waliotufungulia mlango watakuwa na haki ya kuufunga.

Kisha kuna wazee waliopatwa na ugonjwa wa kusahau. Qur'ani imeutaja umri dhalili, ambao mtu hufika asijue kitu baada ya kuwa alijua, katika Suratun Nahl aya ya 70 na Suratul Hajj aya ya 5, na Mtume (S.A.W.) alikuwa akiomba kinga kutokana nao. Mvulana mmoja alinijia amekasirika kwa sababu bibi wake humuuliza jina kila anapokwenda. Nilimwambia amtajie tu, kila mara, kwa furaha ile ile. Akafikiri, kisha akaniuliza kama kila safari anapata thawabu mpya. Nikamwambia natarajia hivyo. Tangu hapo huingia akijitangaza jina lake toka mlangoni.

Na kuna kifo. Watu wazima huogopa kuwapeleka watoto mahali ambapo watu wanakufa. Katika Bukhari na Muslim tunasoma kwamba Mtume alikuwa akimtania mdogo wake Anas, Abu Umayr, kwa kumuuliza habari za ndege wake mdogo, na katika baadhi ya riwaya ni baada ya kumkuta ana huzuni kwa kuwa ndege huyo amekufa. Mtume hakuidharau huzuni ya mtoto wala hakumficha kifo. Aliketi naye akalitaja lile lile lililomuuma. Mzee mmoja Mkristo alipofariki, tuliwaambia watoto siku ile ile, na waliotaka walikwenda kumpa pole sista aliyemtunza.

Juma lililofuata Jajja wa reli alimwita yule binti, akamtuma kwangu na swali. Binti akalileta kama alivyopewa: "Jajja anauliza, siku yake ikifika, nani atamwosha?"

Nilikwenda kwa msimamizi. Alinifungulia faili la mzee. Kwenye dini pameandikwa Muislamu, na kwenye jamaa wa karibu pako wazi. Msimamizi hakuwa na ubaya wowote. Alisema kwa miaka yote hakujua ampigie nani simu. Kumwosha maiti wa Kiislamu, kumkafini, kumswalia na kumzika ni faradhi ya kutosheleza. Wasipofanya baadhi, wote walioweza na wakajua wana dhambi, na sasa sisi tulikuwa tumejua.

Katika faili zote mbili, lake na la yule bibi, sasa zimo namba tatu za simu: ya imamu wa msikiti wetu, ya mama anayeosha maiti wa kike mtaani, na yangu. Sanda mbili zimewekwa kabatini kwa imamu. Ndugu wanne wa jumuiya wamejifunza kuosha, na kamati ya msikiti imekubali wote wawili wazikwe katika makaburi ya mtaa. Binti alipelekewa majibu yote haya ampelekee Jajja, jina kwa jina. Mzee alimwomba arudie majina ya wale wanne mpaka akayashika, kisha akamwambia waendelee na Az-Zalzala.